Kipande Kilichokosekana

Dunia imejaa lugha za kuandikia programu, lakini Generosa alitaka ya kwake. Ndivyo alivyo, mbishi tangu kwao Bukoba. Alipohamishiwa Kyela kuhudumia vipimo vya kina cha mto, alikuta kompyuta iliyomo ndani ya kila kipimo ina nafasi finyu mno, akajifungia chumbani kwake mtaa wa Mbugani hadi akaunda lugha ndogo ya kuienea.

Alijivunia hasa namna ilivyopakia moduli, yaani vile vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake. Kipande hakikupakiwa mpaka kihitajike. Cha kupima maji kilikuwa kazini siku zote. Cha king'ora kilisubiri mafuriko, ndipo kitafutwe na kuunganishwa na wenzake. Nafasi ilibaki tele.

Machi, mchana kweupe, mto ukafurika katika kijiji cha Talatala. Kipimo kilitafuta kipande cha king'ora, hakikukiona. Generosa alisahau kukiweka, na kwa mpango ule hakuna ambaye angejua mpaka siku ya maji yenyewe. Mpunga wote wa Mzee Ambwene, mlinzi wa kipimo, ulisombwa. Hakuna aliyemuuliza Generosa kitu, naye akanyamaza. Aliona aibu, tena sana.

Miezi miwili aliandika upya. Sasa kabla ya kazi yoyote vipande vyote vinapakiwa na kuunganishwa. Kikikosekana kimoja tu, kipimo kinakataa kuwaka. Ilimbidi afute mengi aliyoyapenda ili vyote vienee.

Alienda Talatala kufunga programu mpya kwenye kipimo cha Mzee Ambwene.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama injinia. Ndaga, asante kwa kuja.”

Taa ya kipimo iliwaka. Angeweza kuaga akaondoka. Badala yake alikaa, akaeleza yote: siku ile king'ora hakikulia, na kosa lilikuwa lake.

“Hakikulia kabisa?”

“Hakikulia, baba. Nisamehe kwa mpunga wako.”

Mzee aliitazama taa ya kipimo.

“Siku ile tulikuwa msibani,” alisema. “Hapa tulimwacha mdogo wangu, Jackson, asikilize king'ora. Akaapa hakusikia kitu. Nikamwambia mbele ya ukoo mzima kwamba alilala. Alichukua mke na watoto, yuko Matema. Hapa hakanyagi.”

Msamaha aliokuja kuomba Generosa ulikuwa wa mpunga tu.

Mzee Ambwene alitoa simu, akabonyeza namba, akasikiliza mpaka ikaanza kuita. Kisha akampa.

“Anza wewe,” alisema. “Mimi nitafuata.”