Magome ya Bafwasende na Kuvu ya Mapunye

Mwaka wangu wa mwisho chuoni hapa Kisangani, nilipima magome ya mti ambayo kina mama wa Bafwasende huyachemsha ili kuwaosha watoto wenye mapunye kichwani. Tonton, yaani mjomba wangu, aliniletea furushi kwa pikipiki. Niliyatwanga, nikayaloweka katika spiriti, nikachuja, kisha nikadondosha maji yake mekundu kwenye kisahani nilichooteshea kuvu ya mapunye.

Nilipokifunua baada ya siku kadhaa, kuvu ilikuwa imejaa kote, lakini kuzunguka tone langu palikuwa patupu kabisa. Nilipiga kelele hadi profesa wangu akaja mbio.

“Si spiriti tu ndiyo imeua?” aliuliza.

“Hapana, Prof! Kisahani hiki kingine nilitia spiriti peke yake. Angalia, kuvu imejaa tele!”

Alikiinua kile cha kwanza dirishani, akatabasamu. “Bon, iko muzuri. Lakini ngozi ya mutu si kisahani. Rudia.”

Nilitoka mbio kumpigia mama simu. “Mama, magome yameua kuvu!”

“Sasa wewe ulifikiri nilikuwa naosha kichwa yako na chai?”

Nilicheka peke yangu pale uani. Kisha nikarudia jaribio, na kuvu ikashindwa tena.