Nundu Iliyofanana na Marehemu

Nilikuwa nikitafuta nundu ya mwarobaini kwa muda mrefu, nikaipata Msambweni, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Mti wenyewe ulikuwa umeangushwa na upepo, na ubavuni mwake palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko sufuria ya pilau ya harusi. Mbao ya uvimbe kama huo ina vijicho vingi ndani, yaani madoa madogo ya mviringo, na mteja wangu mmoja wa Diani alitaka meza ndogo zenye vijicho hivyo.

Nilikwenda na shemeji yangu, mwenye msumeno wa injini. Tulimwamkia mjane, tukamweleza haja yetu. Akasema nundu tutaichukua, ila kwa sharti moja.

"Msimpasue pua."

Nikamuuliza pua ya nani.

"Ya marehemu mume wangu." Akaonyesha kwa kidole: paji la uso hili hapa, shavu lile, sikio lile. Mimi niliona gome tu. Shemeji akavua kofia, akainama, akasema polepole, "Wallahi, na kidevu anacho."

Nikabaki peke yangu upande wa wasioona.

Kupasua nundu si kama kupasua gogo. Kila msumeno unapopita unakula mbao, na ukipasua ovyo, mali nyingi inamwagika chini ikiwa unga. Ndiyo maana mimi huanza kwa chaki. Tuliitenga nundu na gogo, tukaisimamisha, nikachora mistari ya mabao ya inchi mbili mbili. Kila nilivyochora, mstari mmoja ulipita katikati ya pua. Nikiukwepa, napoteza bao zima. Nilichora na kufuta mpaka nikagundua kwamba pua nimeanza kuiona, na jambo hilo likaniudhi.

Mjane alituletea chai, akasimama akitutazama.

"Mbona mmemsimamisha?" akauliza. "Mwenyewe alikuwa akilala chali."

Tukailaza chali. Tukaikaza kwa kabari isibingirike, nikapima upya, safari hii mistari ikilala kama mikate ya mofa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kutoka pua hadi kisogo palikuwa parefu kuliko kutoka sikio hadi sikio. Nikapata mabao sita badala ya manne, na uso mzima ukabaki kwenye ganda la juu ambalo halingefaa meza hata hivyo.

Mjane hakushangaa. "Kisogo alikuwa nacho," akasema.

Shemeji alilaza msumeno juu ya reli mbili za mbao ili usiyumbe. Kabla ya kuvuta kamba ya injini, alisema kwa sauti ya chini, "Niwie radhi, mzee." Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaondoa kikombe changu cha chai pale shavuni pake.

Ganda likatoka zima. Chini yake mbao ilikuwa imejaa vijicho, mamia, vyekundu kama hina. Mjane akavitazama kwa makini.

"Kumbe macho yote haya," akasema, "na miwani alikuwa akinituma mimi nimtafutie."

Kelele za msumeno zilimleta wifi yake, dada wa marehemu, kutoka nyumba ya pili. Alilishika ganda, akaligeuza kwenye mwanga.

"Wifi, huyu si kaka," akasema. "Huyu ni baba."

"Nimelala na mtu miaka yote hiyo, leo nisimjue?"

"Na mimi nimezaliwa na mtu, leo nisimjue?"

Wote wawili wakanigeukia mimi. Nilikuwa fundi, nimekuja kupasua mbao, na sikuwahi kumwona hata mmoja wa wazee hao. Nikalitazama ganda kwa muda, nikajibu kwa dhati kabisa kwamba pua ni ya baba na kidevu ni cha mwana. Shemeji akakubali kwa kichwa. Wifi mtu akavuta kigoda, akaomba chai.

Tulipaka nta ya mishumaa kwenye ncha za mabao yasipasuke yakikauka, tukayapakia kwenye tuktuk. Baada ya miezi kadhaa, matano yalikauka yamenyooka na moja likapinda kidogo, nikalifanya rafu ya ukutani. Mteja aliridhika. Aliuliza tu ganda la juu liko wapi, maana alipenda mbao zenye gome.

Nikamwambia lina wenyewe, na bado wanalijadili.