Makaratasi Yaliyosema Mhogo Hauozi

Stori hii inanichoresha, sitaki kuficha. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi yangu pale Kibaha ilikuwa kukata mbegu za mihogo kwenye shamba la utafiti. Mvua za vuli zilipojaza shamba matope, dada mmoja mtafiti akaniingiza ofisini, akanikalisha mbele ya kompyuta.

Alikuwa anaifundisha mashine kusoma maandishi ya watafiti wa mihogo, maana ni mengi, mtu hawezi kuyamaliza. Inachomoa sentensi, inazigeuza Kiswahili, mimi natia rangi: kijani kwa jina la mbegu, njano kwa ugonjwa. Basi. Ila ukikalia kiti kinachozunguka wiki nzima, unajikuta mtaalamu.

Kulikuwa na mbegu moja, ndiyo hiyo anayolima shangazi yangu kule Vihingo, Kisarawe. Kila nikifungua naikuta: inakaa ardhini muda mrefu bila kuoza. Karatasi hii inasema, ile inasema, ya nchi nyingine nayo inasema. Nikaona mashahidi hawa hata mahakamani wanapita.

Jumapili nikaenda Vihingo. Shangazi alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, aje kung'oa wiki hiyo. Hela ilikuwa ya kipaimara cha binti yake wa mwisho, baada ya Pasaka: gauni jeupe, mbuzi, chakula cha wageni.

"Shikamoo shangazi. Mwambie huyo wa kirikuu asije."

"Marahaba baba. Asije kwa nini?"

"Subiri Ramadhani. Mhogo wa futari unapanda bei."

"Si utaoza?"

"Hauozi. Kompyuta imesoma makaratasi ya dunia nzima, hakuna hata moja linalobisha."

"Hiyo dunia nzima imeshafika Vihingo?"

"Shangazi, mimi ndiye ninayeifundisha."

Akacheka, lakini akampigia mnunuzi.

Ramadhani ilipoingia nilikuwepo shambani, nimechomekea shati. Mnunuzi akang'oa shina la kwanza. Majani mazuri, mhogo mnene. Akauvunja: ndani kahawia, mkavu kama kizibo. Wa pili hivyohivyo. Akaenda mpaka mwisho wa shamba anavunja tu, akaishia kupakia mihogo michache ya pembeni, kirikuu ikaondoka inarukaruka kwa wepesi. Shangazi alikuwa anaokota vipande.

Kesho yake nikamwuliza dada mtafiti. Akafungua zile karatasi mojamoja, akanionyesha kule mwishoni wanapotaja walikotoa habari. Wote waliichukua kwa mtu mmoja, aliyeijaribu mbegu hiyo mara moja, milimani kwenye baridi, ambako ugonjwa huu wa huku kwetu, unaokausha mhogo kwa ndani, haukuwepo. Wengine walimnukuu yeye, wengine waliwanukuu waliomnukuu. Kuchuja marudio ndiyo hatua iliyokuwa inafuata, akasema, na hakumbuki kunituma nikatangaze.

Kipaimara kilifanyika. Gauni la kuazima, kuku badala ya mbuzi, na binti alipendeza. Nilimkuta shangazi jikoni, nikamweleza yote. Akasikiliza huku anageuza pilau.

"Kwa hiyo hao wote, hakuna aliyechimba?"

"Mmoja alichimba, shangazi."

"Basi wewe ungekuwa wa pili. Jembe lilikuwa hapo mlangoni, ukalipita kwenda kuniambia habari za dunia. Haya, peleka maji huko nje, wageni wanakula makavu."