Siku Niliyosimamisha Mtambo wa Gazeti Letu

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki nikaacha shule darasa la tatu, nikawa nabeba maboksi sokoni. Shida nazijua. Lakini aibu ya utu uzimani, hiyo niliitafuta mwenyewe.

Gazeti letu la wiki, hapa Temeke, ni mali ya wafanyakazi tangu tajiri wetu wa zamani alipolichoka akatuuzia. Kila mtu hisa sawa, kura moja, na mie fundi mtambo wakanichagua mwenyekiti wa bodi. Kichwa kikavimba. Nikawatangazia jirani zangu wa Mtoni kwamba wiki ile wataniona ukurasa wa kwanza (nani aliniuliza? Hakuna!).

Alhamisi asubuhi mtambo unazunguka, nachungulia ukurasa, sioni sura yangu, naona mtaro uliobomoka. Nikauzima mtambo. Mhariri wetu, Neema, akaja mbio.

"Shikamoo mzee. Kulikoni?"

"Marahaba. Weka picha yangu."

"Mzee, bodi inasimamia kampuni. Habari naamua mie, ndivyo tulivyokubaliana wote."

"Basi nimekufukuza kazi!"

"Wewe kama nani? Na mie mwenye mali. Itisha kura."

Ningenyamaza hapo! Nikaitisha mkutano, watu wakaacha kazi zao wote (kila mtu bosi, nani amzuie nani?), na Bi Mwajuma anayefagia akasimama na ufagio wake: "Kama ni picha, baba, hata mie naitaka, hisa zetu si sawa?" Dereva akataka wanawe mapacha watokee, wa matangazo akataka mkewe, mchana ukaingia, wauza magazeti wanapiga simu wanatukana, na mie napiga meza tu. Mwisho Neema akauliza nani anataka picha ya mwenyekiti. Nikanyoosha mkono. Wangu peke yake, jamani, na kuushusha siwezi, wameshauona!

"Shusha mzee, utachoka," dereva akasema, chumba kizima kicheko.

Kura ya pili ikanitoa kwenye kiti, akakikalia Bi Mwajuma. Gazeti likatoka Ijumaa jioni, magazeti mengine yashaimaliza habari ya ule mtaro, na hasara tukagawana sawasawa kama tunavyogawana faida.

Sirudii tena. Tajiri ukikosana naye unamnunia unaenda zako, lakini wenye mali wenzio unakunywa nao chai kila asubuhi, na wanakutazama.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Mtoni, mashine ya kusaga, bajaji moja, na kura moja. Kiti sina.