Msichana Aliyeachwa Aisilandi

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilifua mazulia. Ofisi ya mawakala ya mtaa wa Batha, iliyotupokea sisi wasichana kutoka Kenya, ilinikabidhi kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini na kukukatia ikama, kibali cha kuishi kule. Kabla ya adhuhuri nilikuwa juu ya paa na brashi. Mkewe, tuliyemwita Madam, alisimama mlangoni.

"Yalla, haraka, Rehema. Ukimaliza, jikoni."

Sisi wafanyakazi wa ndani tuliitwa kadama. Tulipika, tukapiga pasi, tukalea watoto wa watu.

Mkataba wa kwanza ulipoisha, kafili alinihamishia Jeddah, kwenye nyumba alizopangisha wageni. Huko nilimhudumia Mwalimu, mwanamke wa Kanada aliyefundisha Kiingereza. Mababu zake walihamia Kanada kutoka Aisilandi, kisiwa cha baridi kali, naye alitunga mashairi juu yao. Alinisomea nikikata vitunguu, maana hakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Shairi moja lilimhusu nyanya wa nyanya yake. Alipopanda meli ya kwenda Kanada, alimwacha binti yake mdogo kwa jirani. Vizazi vya baadaye viliambiwa kwamba msichana huyo alichukuliwa na watu wasioonekana, wanaoishi ndani ya miamba. Mwalimu naye aliandika hivyo.

"Kweli alichukuliwa?" nikauliza.

"Hapana. Mama yake aliahidi kumtumia nauli. Hakutuma."

"Mbona shairi halisemi?"

"Baba yangu hataki lisemwe."

Jioni hiyo nilimpigia mama yangu simu, kwetu Voi. Binti yangu Neema, niliyemwacha kwake, alikuwa darasa la tatu.

"Mama, Neema akiuliza niko wapi, mnamwambia nini?"

"Siku hizi haulizi," mama akajibu.

Kafili alikuja kuongeza mkataba, na mshahara akaupandisha. Nikamwambia halas, basi, naenda nyumbani. Alidhani nimepata bosi mwingine. Mwalimu alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, na ndani ya teksi akanisomea shairi upya. Sasa katika shairi mama aliondoka, binti akabaki ufukweni, na hakuna aliyemchukua.

"Nitampelekea baba hivi hivi," alisema.

Neema hakunikimbilia. Alisimama nyuma ya nyanya yake akaniamkia shikamoo, kama anavyoamkiwa mgeni. Ulipita karibu mwaka kabla hajaniita mama. Nilipika chapati za kuuza pale Voi mpaka mgongo ukakataa, nikastaafu.

Wasichana wanaotaka kwenda Uarabuni huja kuniuliza habari za kazi ile, nami huwaeleza bila kuwazuia. Neema, ambaye sasa ana mtoto wake, aliniuliza mara moja tu kwa nini nilirudi na wenzangu wakabaki. Nikamsimulia habari za yule msichana wa Aisilandi. Alisikiliza hadi mwisho, mtoto kamlalia kifuani.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Hata Mwalimu hakujua. Kwao hakuna aliyelikumbuka jina lake.