Koni ya Woodbury na Mgeni Rasmi

Nilifunga safari kwa sababu ya mbegu. Nafundisha biolojia Morogoro, na kwa miaka nimewaeleza wanafunzi habari za welwichia, mmea wa jangwa la Namib wenye majani mawili tu maisha yake yote, bila kuwahi kuugusa. Basi shemeji Elinami, mume wa dada yangu Upendo, akapiga simu kutoka Minnesota: "Bibi yetu, yule welwichia ninayemfuga ndani, amezaa koni! Njoo uchukue mbegu za shule yako." Septemba hiyo, katikati ya miaka ya tisini, nikapanda ndege.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, shemeji alinipokea akiwa na suti na kamera ya video. Njia nzima hadi Eden Prairie alinihutubia. Ni mwenyekiti wa umoja wa Watanzania wa huko, na ukimwita jina bila cheo, hasikii.

Nyumbani kwake, mmea ulilala kwenye boksi la mchanga chumba cha vioo, majani yamechanikachanika kama kanga ya jikoni. Nikainama. Koni, yaani vile vichwa vya magamba vinavyobeba chavua au mbegu, zilikuwa ndogo, nyembamba kama kidole cha mtoto, zina wekundu uliopauka na mabaki ya vumbi la njano.

"Shemeji, huyu si bibi, ni babu. Welwichia dume na jike ni mimea miwili tofauti. Huyu anatoa chavua, hili vumbi la njano, mbegu hana."

"Uncle, it's a boy?" mpwa wangu akaangua kicheko. Baba yake akamfukuza chumbani.

"Kamati ya umoja ilishapitisha kwamba ni jike," akasema shemeji.

Jamani, walikuwa wamepiga kura! Wahasibu na wahandisi wenye shahada zao, wameketi kwenye zulia, wakaamua jinsia ya mmea kwa kunyoosha mikono. Ndipo dada akaniambia, "Kaka, mche mwingine wa mbegu zilezile tulimpa Wanjiru wa Woodbury. Barafu ilipoyeyuka alikuja akapangusa hilo vumbi kwa pamba, akaenda nalo."

Asubuhi yake tulikwenda Woodbury. Wanjiru, nesi Mkenya, alitufungulia akiwa na sare ya kazi. Mmea wake ulikuwa mdogo, lakini koni! Nene kama hindi changa, magamba yamepangana kama vigae, yameanza kuwa ya hudhurungi na kuachana. Chini ya kila gamba kulikuwa na mbegu moja iliyozungukwa na bawa jembamba kama karatasi ya sigara.

"Mwalimu, hii kitu imeiva," akasema Wanjiru. "Chukua zako saa hii. Mimi niko na shift."

Nikanyoosha mkono. Shemeji akaudaka.

"Subiri! Chavua ni yetu, sisi ndio upande wa mume. Hatuchukui watoto kimya kimya kama wezi. Jumamosi tunafanya shughuli, tena na mgeni rasmi."

Yule yule aliyekataa kwamba ana dume, sasa baba wa bwana harusi! Nikamwambia wazi kwamba koni hii ikiiva hubomoka yenyewe, na mbegu huchukuliwa na upepo.

"Itasubiri," akanijibu, kama anaongea na karani wake.

Jumamosi watu walifurika kwa Wanjiru, sare za kitenge, pilau, mshereheshaji na kipaza sauti. Sebule haikutosha, kwa hiyo mmea ukatolewa uani, koni ikafungwa utepe mwekundu. Mgeni rasmi, msomi mmoja wa Maple Grove, alikuwa hajafika. Akapigiwa simu ya nyumbani. Akaipokea mwenyewe, akasema yuko njiani.

Upepo ukaanza kuinuka. Magamba yakadondoka, moja, kisha jingine.

"Shemeji, nakuomba, nizikinge hata kwa kofia!"

"Itifaki, shemeji. Itifaki."

Upepo ukavuma kwa nguvu, koni ikabomoka mbele ya macho yetu. Mbegu zikainuka na mabawa yao, zikaruka uzio, zikaenda zikitawanyika kwenye nyasi za majirani, ambako mtu mmoja alikuwa anaendesha mashine ya kukatia. Nilikimbia na suti yangu, nikaanguka, nikainuka. Chache nilizookota zilikuwa tupu au zimeoza kwa kuvu nyeusi, ugonjwa wa kawaida wa mbegu hizi. Wanjiru alisimama mlangoni machozi yakimtoka. "Si nilikuambia uchukue, Mwalimu?" Alisema kweli.

Jioni mgeni rasmi akafika. Akaomba radhi, akahutubia kirefu juu ya umuhimu wa kutunza muda, kisha akakata utepe uliokuwa umefunga kijiti kitupu. Vigelegele! Shemeji akarekodi yote.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kijana wa ukaguzi alipekua sanduku langu. "Mzee, umebeba mbegu zozote?"

"Mwanangu," nikamwambia, "ningekuwa nazo ningekuonyesha mwenyewe."

Nilichojifunza nitakisema, na shemeji akisoma akasirike. Welwichia huvumilia jua, mchanga na ukame kwa mamia ya miaka. Kamati yetu ilihitaji Jumamosi moja tu.