Niliufuata Mwezi Mpevu Hadi Homa Bay

Mume wangu, Odhiambo, huja nyumbani na mwezi mpevu. Ni mvuvi wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nao huvuliwa gizani: taa huelea majini, omena huzifuata, wavu hushuka. Mbalamwezi ikitanda taa hazina kazi, mashua hupumzika, na mimi hapa Rongo husonga ugali wa watu watatu. Safari hii alipiga simu kusema kwamba haji. Redio ilikuwa imetangaza kupatwa kwa mwezi, na mwenye mashua alitaka wavue katika giza hilo. Nikamwacha binti yetu, Akinyi, kwa mama yangu, nikaondoka. Kama mwezi hauniletei mtu wangu, nitaufuata.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Dereva aliniuliza naenda msiba wa nani, maana nimevaa vizuri na sicheki. Nilipomwambia naenda kumwona mume wangu, aliongeza mwendo mpaka mji mdogo wa Rodi Kopany. Baada ya hapo mashamba ya miwa yakaisha, ziwa likaonekana kwa mbali, na moyo ukaanza kunienda mbio kama wa msichana.

Alasiri nilimkuta ufukweni, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, akifuta vioo vya taa. Nilitamani kumkumbatia, lakini wenzake walikuwa wanatazama. Nikawasalimu wote kwa mkono, yeye nikamweka wa mwisho ili mkono wake nikae nao.

Jua lilipokaribia kuzama aliniuliza giza la kupatwa kwa mwezi litadumu kiasi gani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliwasha taa yake nyuma ya kisogo chake, nikanyoosha pera nililokuja nalo mbele ya uso wake. Taa ni jua, nikamweleza, kichwa chako ni dunia, pera ni mwezi. Kivuli cha kichwa chake kikalifunika pera. Kisha nikamgeuza aitazame taa, nikalipitisha pera kati ya macho yake na taa: hivyo ndivyo jua linavyopatwa, siku ambazo mwezi hauonekani, nawe uko kazini. Kupatwa hakutokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, na mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

Alilichukua pera mkononi mwangu.

“Kwa hivyo mwezi hupatwa tu ukiwa mpevu,” akasema. “Usiku wangu wa kuja nyumbani.”

“Huo huo. Na giza lenyewe halikai sana, Baba Akinyi.”

Akasema mwenye mashua ameshaamua.

Jioni mwezi ulipanda mzima, kisha ukingo wake ukaanza kuliwa. Mashua zikatoka na taa zao. Mwezi ulipozama wote kivulini haukupotea. Uligeuka mwekundu kama chungu kipya, kwa ule mwanga wa jua unaopinda ukipita katika hewa yetu. Nilisimama na akina mama wanaoanika omena. Nililiombea giza lidumu kwa ajili yake, na liishe kwa ajili yangu.

Omena walikuwa ndio kwanza wanakusanyika ukingo wa mwezi ulipoanza kung'aa tena. Kwa haraka wavuvi wakashusha wavu karibu na miamba.

Asubuhi nilimngoja nikiwa nimefunga mzigo. Mbalamwezi bado ilikuwa na siku kadhaa, nami niliamini tungerudi pamoja. Alikuja na omena wa kujaza kikombe.

“Mama Akinyi, wavu umepasuka vibaya,” akasema. “Hatuachiliwi mpaka tuushone, na tukimaliza giza litakuwa limerudi.”

Nilirudi peke yangu. Njiani niliwaza kwamba kilichoufunika mwezi wangu ni kivuli cha dunia hii hii tunayoikanyaga, mimi Rongo na yeye Homa Bay. Nimefundisha jambo hilo miaka mingi bila kulionea uchungu.

Jioni Akinyi, niliyekuwa nimemchukua kwa mama, aliniita uani. Mwezi ulikuwa umechomoza, mweupe, hauna hata doa.

“Umeshatoka kivulini,” akasema. “Sasa baba anaweza kuja.”

Nikaingia jikoni, nikasonga ugali wa watu wawili.